VIJIDUDU VYA UDONGO NA MVUA YA KWANZA

Leo tutazungumza juu ya wafanyakazi wa shamba ambao hawaonekani kwa macho, hawadai mshahara, na ambao kazi yao hupamba moto katika siku chache tu za mwaka. Siku hizo zikikupita nawe hujapanda, umekwisha kupata hasara, hata kama mvua ya mwaka huo ni nzuri.

Wafanyakazi hao ni vijidudu vya udongo. Sisemi mchwa wala siafu. Nasema viumbe wadogo mno, yaani bakteria na jamaa za ukungu. Katika kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri wamo mamilioni kwa mamilioni. Hao ndio wanaoozesha majani, mizizi na samadi, na kuvigeuza kuwa chakula cha mimea. Bila wao, samadi uliyoipeleka shambani kwa mkokoteni ingekaa vile vile kama kokoto.

Sasa fikiria shamba lako mwishoni mwa kiangazi. Jua linawaka tangu asubuhi. Udongo umepasuka, na ukipita miguu mitupu unaungua. Mtu angeweza kusema humo hamna uhai tena. Lakini uhai umo.

Baadhi ya vijidudu hujifungia ndani ya ganda gumu. Hawali, hawazai, wanangoja tu, kama mbegu iliyohifadhiwa ghalani. Wanaweza kungoja hivyo kwa miaka. Wengine hutoa ute unaowazunguka na kuzuia unyevu usipotee upesi. Wengine hukusanya sukari na vitu vya namna hiyo ndani ya miili yao, ili maji machache waliyo nayo yasitoroke. Na wengine hujificha katika vitundu vidogo kabisa ndani ya bonge la udongo, mahali ambapo tone la mwisho la maji hubaki. Wengi hufa, hiyo ni kweli. Lakini miili yao haipotei bure, maana itakuwa chakula cha wale watakaoamka.

Halafu mvua ya kwanza inanyesha. Ile harufu ya udongo ambayo sote tunaijua, na inayotufurahisha mioyo, chanzo chake kikubwa ni vijidudu hawa hawa. Aina fulani ya bakteria hutengeneza kitu kinachonukia hivyo, na matone ya mvua yakipiga udongo mkavu hukirusha hewani. Kwa hiyo ukisikia harufu ile, ujue kengele ya kazi imelia.

Katika muda wa saa chache tu vijidudu huamka. Wanakula mabaki ya mimea, wanakula miili ya wenzao waliokufa, wanazaliana upesi sana. Wanapokula wanapumua kama sisi, na pumzi yao ni hewa ukaa. Hapo hapo huachia naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya vile wanavyovila. Naitrojeni ndiyo chakula kinachoyapa mahindi rangi ya kijani iliyoiva. Karamu hii haidumu. Baada ya siku kadhaa nguvu yake hupungua, na udongo hurudi katika mwendo wa kawaida.

Jambo hili halikugunduliwa mbali na kwetu. Mtafiti H. F. Birch alilichunguza Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1958 alitoa taarifa yake. Aliukausha udongo, akaulowesha, akaukausha tena na kuulowesha tena. Kila alipoulowesha, pumzi ya vijidudu ilipanda ghafla na naitrojeni ikaongezeka. Tena aliona kwamba udongo wenye mboji nyingi hutoa zaidi, na udongo uliokaa mkavu muda mrefu hutoa zaidi. Leo wanasayansi wa dunia nzima huliita jambo hili kwa jina lake Birch.

Je, mkulima linakuhusu nini? Linakuhusu kwa sababu naitrojeni ile haikungoji. Ikisha kugeuka kuwa naitreti, huyeyuka katika maji kama chumvi. Mvua kubwa za wiki zinazofuata huisukuma chini, mahali ambapo mizizi michanga ya mahindi haiwezi kufika. Aliyepanda mapema, mimea yake inakuwa na mizizi wakati chakula kingali juu. Aliyekuwa bado anatafuta mbegu, chakula kinampita. Ndiyo maana Bwana Shamba na Bibi Shamba hawachoki kukuambia upande mapema. Wazee walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Sasa tuje kwenye habari ya tabianchi, yaani mwenendo wa hali ya hewa wa miaka mingi. Udongo wa dunia umehifadhi kaboni nyingi kuliko ile iliyomo angani. Vijidudu ndio wenye ufunguo wa ghala hilo. Wanatoa hewa ukaa kila siku, lakini mimea huichukua tena na kuirudisha ardhini kwa majani na mizizi. Mizani ikikaa sawa hakuna shida. Shida huja pale ardhi inapoachwa uchi, mabaki yakachomwa, na kila mwaka ghala likawa linatolewa tu bila kutiwa kitu. Hapo shamba linakonda, na anga linaongezewa mzigo.

Tuseme kweli: mzigo mkubwa wa hewa ukaa angani hautoki katika jembe la mkulima mdogo. Unatokana zaidi na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Lakini joto likizidi, anayeumia kwanza ni wewe. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia zilikosa mvua nzuri misimu mitano mfululizo. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua kubwa na mafuriko. Ukame mrefu ukifuatwa na mvua ya ghafla ni ule ule mtihani wa Muguga, ila sasa unafanyika shambani kwako. Udongo unatoa kwa mkupuo, na mafuriko yanachukua.

Basi tufanye nini? Yako mambo matano.

La kwanza, tayarisha shamba kabla ya mvua. Mbegu iwe nyumbani, jembe liwe na mpini. Lakini jihadhari na mvua ya kudanganya. Chimba kidogo shambani. Ukiona unyevu umefika kina cha shubiri moja, panda. Kama ni juu juu tu, subiri. Utaratibu wa mahali penu muulize Bwana Shamba.

La pili, usichome mabua. Ukiyachoma, kaboni na naitrojeni huenda na moshi, na wewe unabaki na majivu. Yatandaze juu ya ardhi yakinge jua na matone ya mvua. Lakini pia usifukie mabua makavu mengi siku ya kupanda. Vijidudu watakaoyala watahitaji naitrojeni, nao huichukua kwanza kutoka kwenye udongo. Utaona mahindi yamekuwa ya manjano, ukadhani ni ugonjwa. Ukitaka kuyafukia, yafukie mapema, au uyaozeshe kwanza katika shimo la mboji pamoja na samadi na majani mabichi.

La tatu, funika samadi. Samadi iliyoachwa juani na mvuani hupoteza naitrojeni, nyingine hewani na nyingine kwa kuchuruzika. Ijengee kichanja cha nyasi au ifunike kwa majani ya migomba.

La nne, ukinunua mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, usiimwage yote siku ya kwanza. Gawanya. Tia kiasi wakati wa kupanda, na nyingine mimea ikisha kuwa na mizizi ya kuipokea. Naitrojeni ikizidi katika udongo uliojaa maji, vijidudu wengine huigeuza kuwa hewa iitwayo oksidi ya naitrasi. Kilo moja ya hewa hiyo hulipasha anga joto takriban mara 270 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Na kumbuka, hiyo ni fedha yako inayopaa.

La tano, changanya mahindi na kunde au mbaazi. Katika mizizi yake hukaa bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Ng'oa mche mmoja wa kunde wakati inapoanza kutoa maua, upasue vinundu vya mizizi. Vikiwa vyekundu-vyekundu ndani, kazi inaendelea.

Kama una mashaka na maneno haya, usiniamini mimi, amini shamba lako. Msimu ujao pima vipande viwili vya ardhi vilivyo sawa. Kimoja panda unyevu unapotosha, cha pili panda wiki mbili baadaye. Mbegu iwe ile ile, palizi iwe ile ile. Wakati wa kuvuna pima debe kwa debe, kisha wapeleke jirani zako wakaone.

Na ninyi mnaosikiliza katika vikundi, zungumzeni maswali haya. Je, mwaka jana kijijini kwetu nani alipanda mapema, na alivuna nini? Mabua yetu yalikwenda wapi? Ni kitu gani kinatuchelewesha kila mwaka: mbegu, jembe, au ni mikono kuwa michache? Kama ni mbegu, kubalianeni leo kuinunua pamoja. Kama ni mikono, pangeni zamu ya kulimiana. Mvua haitangoja mkutano wa pili.