Geoidi na Uga wa Uvutano: Msingi wa Vimo Nchini Tanzania

Geoidi ni uso ambao maji ya bahari yangeufuata kama yangetulia kabisa, bila upepo, mikondo wala kupwa na kujaa, kisha yakaendelezwa hadi chini ya mabara. Katika uso huo maji hayatiririki kwenda upande wowote, na kila mahali timazi huukabili kwa pembe mraba. Mwanahisabati Gauss aliueleza mwaka 1828. Jina lilitolewa na mwanahisabati Listing mwaka 1873.

Uso huu una mabonde na miinuko kwa sababu uvutano haulingani kila mahali. Mwaka 1672 mwanafalaki Jean Richer aliipeleka saa ya pendulo kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, ikawa inachelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku, kwa kuwa uvutano huko ni mdogo zaidi. Mchapuko wa uvutano ni takriban mita 9.780 kwa sekunde mraba kwenye ikweta na 9.832 kwenye ncha za dunia. Juu ya tofauti hiyo huja nyingine ndogo, zinazoletwa na milima na miamba mizito au myepesi iliyofukiwa. Ndiyo maana kusini mwa India geoidi imezama takriban mita 100 chini ya elipsoidi, yaani umbo la kihesabu la dunia.

Mpima ardhi hawezi kulikwepa jambo hili, kwani GPS hupima kimo kutoka kwenye elipsoidi. Ufukweni Dar es Salaam, kipokezi kisichosahihishwa husoma zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, ilhali mwenye kipokezi amesimama mchangani, miguu mikavu. Ili kupata kimo halisi, kimo cha geoidi juu ya elipsoidi (hasi pale inapozama) hutolewa kutoka kimo cha GPS. Mfereji au bomba likisanifiwa kwa kimo cha elipsoidi peke yake, maji yanaweza kukataa kwenda yalikokusudiwa. Hata Kilimanjaro, iliyozoeleka kwa mita 5,895, ilipopimwa kwa GPS mwaka 1999 ilipata takriban 5,892. Jibu la namna hiyo hutegemea pia modeli ya geoidi iliyotumika.

Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, na GOCE, iliyofuata mwaka 2009, zimechora vizuri maumbo mapana ya geoidi. Mawimbi mafupi ya geoidi, ya kilomita chache au makumi, hayaonekani vizuri kutoka angani. Hayo hudai gravimita, yaani vipima-uvutano, ardhini au ndani ya ndege, na fomula ya mwanahisabati Stokes ya mwaka 1849 ingali msingi wa kuyakokotoa.

Kazi ya ardhini ni ya subira. Ndani ya gravimita ya kawaida kuna uzani mdogo ulioshikwa na springi. Springi hubadilika taratibu, kwa hiyo mpimaji hurudi kituo cha mwanzo kukagua usomaji. Kimo cha kituo kikikosewa kwa mita 3 tu, thamani ya uvutano iliyosahihishwa kwa kimo hicho hupotoka karibu miligali 1 (miligali ni kizio cha mchapuko wa uvutano).

Modeli ya geoidi ya Tanzania iliyokokotolewa kwa mbinu ya chuo cha KTH cha Stockholm ililazimika kutumia data chache zenye msongamano usiolingana. Vipimo vya ardhini aghalabu hufuata barabara, na maeneo yasiyofikika hubaki na mapengo. Udhaifu huo hautibiwi na kompyuta yenye nguvu zaidi: mapengo yajazwe kwanza, na kila kituo kipya kiwe na kimo kilichohakikiwa.