Saa Moja ya Jumatatu

Tunawasalimu ninyi mlio hapa Mhunze na katika vijiji vya Kishapu, nanyi mlio Mwadui, pamoja na vijana wetu waliokwenda kutafuta riziki katika machimbo ya Geita. Tunawasalimu pia waumini na makatekista wa madhehebu mengine, ambao huenda mkashangaa kwamba leo sisi Wabaptisti tunasema mambo ya nyumbani mwetu mbele ya majirani. Tumeona ni heri tuyaseme wazi, kwa maana majirani wanayajua tayari.

Somo letu limo katika Injili ya Yohana, sura ya 17, aya ya 20 hadi ya 23. Usiku ule aliosalitiwa, Bwana wetu hakuwaombea mitume peke yao, bali aliwaombea na wale watakaoamini kwa neno lao, ndio sisi, ili tuwe kitu kimoja na ulimwengu upate kusadiki. Tuangalie vema. Mezani aliwapa wanafunzi amri ya kupendana. Lakini ilipofika habari ya umoja aliinua macho mbinguni, akamwomba Baba. Ikiwa Mwana wa Mungu mwenyewe aliuomba umoja, sisi tunadhani tutaupata kwa barua za mihuri?

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Kila kanisa la Kibaptisti hujitawala lenyewe chini ya Kristo. Hatuna askofu awezaye kutuamuru. Twaushukuru uhuru huo, nao una msingi katika Maandiko. Lakini una mwiba wake. Mtu akiudhika huchukua benchi lake na ndugu zake watano, akajenga kibanda ng'ambo ya barabara, na siku tukitaka kurudiana hakuna wa kutushika mkono na kuturudisha.

Tulipata kuhudhuria mazishi katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja. Marehemu alikuwa mama aliyebatizwa katika mto mmoja, siku moja, na wengi wa hao waliokuja kumzika. Hata hivyo Wabaptisti waliketi makundi mawili, moja chini ya mwembe, jingine penye kivuli cha ghala. Kwaya moja ilipomaliza nyingine ilianza, wala hapana aliyeitikia wimbo wa mwenzake, ingawa nyimbo zilitoka katika kitabu kimoja. Mzee mmoja wa kijiji, asiye Mkristo, akatuinamia na kutuuliza kwa upole: "Hawa wanamzika mtu mmoja, au wawili?" Hatukuwa na jibu. Chanzo cha mfarakano ule kilikuwa kiwanja cha kanisa, na jina la nani liandikwe kwenye hati.

Wala madhara hayaishii msibani. Kijana huondoka hapa na barua ya utambulisho mfukoni, afike kwenye machimbo ambako fedha, pombe na upweke vinamngoja, aende kanisani Jumapili, aulizwe kwanza kama barua yake imetoka upande huu au upande ule. Jumapili ya pili haendi tena. Huyo tumempoteza kwa sababu ya kiwanja.

Mwaka 1784 wachungaji wa makanisa machache ya Kibaptisti ya katikati ya Uingereza walikutana mjini Nottingham. Makanisa yao yalikuwa madogo, mengine yamepoa, na kila moja lilijitawala kama yetu. John Sutcliff, mchungaji wa Olney, alitoa shauri: Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, waumini wakutane kwa muda wa saa moja kumwomba Mungu awaamshe kwa Roho wake, si wao tu, wala si Wabaptisti tu, bali makanisa yote ya Kristo. Hakuna kanisa lililonyang'anywa uhuru wake. Miaka 8 baadaye, mwaka 1792, wachache kutoka kundi hilo walikutana Kettering, wakaahidi pauni 13, shilingi 2 na peni 6, wakaanzisha shirika la misheni. Na mwaka 1793 William Carey alisafiri kwenda Bara Hindi. Kabla ya karne iliyofuata kwisha, wamisionari wa shirika hilo walikuwa wamefika Kongo.

Lakini waliokuja kwetu Tanganyika mwaka 1956 walitumwa na Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, na hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Jumuiya hiyo ilizaliwa mwaka 1845 kwa mfarakano. Watu wa kusini walijitenga na wenzao wa kaskazini kwa kuwa walitaka wenye watumwa waruhusiwe kuwa wamisionari. Mwezi Juni 1995, walipokutana mjini Atlanta, walipitisha azimio la kutubia jambo hilo na kuwaomba radhi watu weusi. Hesabuni wenyewe, ni miaka 150. Waliouzwa na waliowanunua walikuwa wamekwisha kufa wote. Toba ile ilikuwa njema, nasi tunaipokea. Ila waliostahili kuisikia kwanza walikuwa makaburini. Je, na wale wa chini ya mwembe, na wale wa penye ghala, wangoje kiasi gani?

Tunaposema uamsho, wengi hufikiri vipaza sauti na mikesha. Wazee waliouona uamsho ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Bukoba, waliutambua kwa dalili nyingine: watu waliungama dhambi zao waziwazi, wakarudisha mali waliyoiba, wakaenda kwa waliowachukia. Kelele zilikuwapo pia, lakini majirani waliamini walipoona mali imerudi.

Nasi watu wa Shinyanga tunayo picha yake mlangoni. Nchi hii ilikatwa miti tangu enzi za wakoloni waliopambana na mbung'o, kisha ikalishwa na kulimwa hata ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, wataalamu na wanakijiji walirudia desturi ya wazee, yaani ngitili. Eneo hufungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, hata kiangazi kikali. Mahali pengi haikuhitajika kupanda miti, kwa kuwa mizizi ya zamani ilikuwa hai chini ya vumbi. Ilipoachwa kukanyagwa, ilichipua. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishwa hivyo. Lakini ninyi wafugaji mnajua sharti la ngitili ya kijiji. Kaya zote zipatane katika dagashida, kwa maana nyumba moja ikiingiza ng'ombe zake usiku, nyasi za wote zimekwisha. Tunaamini kwamba mizizi ya imani ya makanisa yetu ingali hai. Tunachoomba ni kuacha kuikanyaga.

Basi shauri letu ni dogo. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na moja jioni, Wabaptisti wa Mhunze wa pande zote wakutane kwa saa moja ya kuomba. Wasikutane katika jengo la upande wowote, bali uani kwa mtu, kila mmoja na kigoda chake. Ajenda ya kiwanja isiletwe. Ina siku yake. Na kabla ya Jumatatu hiyo, kwa kulifuata agizo la Bwana katika Mathayo sura ya 5, kila mwenye neno na nduguye aende kwake kwanza, hata kama ni jioni, hata kama ni mbali, na mzee asione haya kumtangulia kijana. Mama yule aliyezikwa ameacha uwanja mpana na mwembe wake. Watoto wake wamesema mlango u wazi.

Tuombe. Baba, umesikia nyimbo zetu zikiimbwa kwa zamu penye kaburi moja. Utusamehe. Utupe ujasiri wa kuvuka uwanja ule. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.