Kuuza Vyombo Vilivyotumika: Faida na Mtihani Wake



Tulipoazimia kuhama nyumba, tulivitoa uani vyombo tusivyovihitaji tena: masufuria, kitanda, nguo za watoto na pasi ya umeme. Wanunuzi walifika alfajiri, nasi hatujamaliza kupanga. Kitanda cha mninga tulichokithamini kilitajiwa bei ya kuni; kapu la vifuniko visivyo na masufuria likagombewa. Adhuhuri mvua ikanyesha, nguo zikalowa.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa ile pasi. Tulijua kwamba huzimika ghafla ikishapata moto. Mama mmoja mshonaji aliichagua, akalipa bila kuuliza, nasi tukanyamaza.

Usiku ule hatukupata usingizi. Tulikumbuka jinsi Mtume Muhammad (s.a.w.) alivyotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta ndani imelowa, akamwuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu watu waione. Asubuhi tulimwendea yule mama. Tulimkuta ana sare za shule alizoahidi, hazijanyoshwa, na mteja amekwisha kuondoka kwa hasira. Tulimrudishia fedha yake yote, tukamwomba radhi.

Basi, ndugu zangu, kuuza kilichotumika si vibaya. Huepusha israfu, na mwenye kipato kidogo hupata nafuu. Ila kila chombo kitajwe pamoja na kasoro yake, hata kama mnunuzi hakuuliza. Fedha za siku ile zimekwisha. Fundisho lingali nasi.

Mwenyezi Mungu atujaalie uaminifu katika biashara zetu. Amin.