ZIWA NI MOJA
Maneno kwa wavuvi wa Tanganika



Leo sikuja kusema habari ya mihogo wala ya pamba. Nimekuja kwa sababu ya ile miezi mitatu ya kufunga ziwa, maana najua mnaitaja kwa hasira. Juzi sokoni mama mmoja aliniuliza: « Wanaofunga ziwa, watafunga na tumbo? » Aliuliza kwa haki. Nitamjibu, lakini kwanza tutazame ziwa lenyewe.

Ziwa letu lina urefu wa kilometa 670 hivi, na mahali penye kina kirefu linapita metre 1.400. Mtu akisikia hivyo hufikiri: maji mengi namna hii, samaki watakwishaje? Lakini angalieni. Maji ya chini hayana pumzi. Ukishuka metre mia moja au mia mbili, kadiri ya mahali, samaki hawezi kuishi. Ziwa ni kama sufuria ya mchuzi: mafuta yanaelea juu tu, na ndiyo tunayogombania.

Na chakula cha samaki kinatoka wapi? Kinatoka chini. Wakati wa kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huko kusini maji ya chini hupanda yakileta mbolea. Vijidudu vya majini hupata nguvu, ndagala huvila, mukeke humla ndagala, nasi twala wote wawili. Ndagala haishi miaka mingi. Ni mwaka mmoja hivi tu. Watoto wake hukaa karibu na ukingo, pale pale wengine wanapokokota vyandarua. Mwenye kukokota chandarua anachukua ndagala wa mwezi ujao na kuwauza kwa bei ya bure.

Sasa habari ya mipaka. Tukigawanya ziwa sehemu mia, Kongo ina 45, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Ramani ina mstari, samaki hawaujui. Kundi mnaloliona leo upande huu, kesho laweza kuwa upande wa pili. Basi hii ni ghala moja yenye milango minne, na kila ndugu ana ufunguo wake.

Wazee wanakumbuka meli za wafanyabiashara wa Kigiriki kule Bujumbura. Zilianza katika miaka ya 1950, zikivua usiku kwa taa na nyavu kubwa za kuzungusha. Samaki walipopungua kaskazini, katika miaka ya 1990 nyingine zilihamia kusini, Mpulungu, katika nchi ya Zambia. Huko nako sangala wakubwa walikuwa wamepungua, wakabaki mukeke karibu peke yao. Meli inaweza kuhama. Kijiji hakihami.

Kwa hiyo nchi nne zilitia sahihi mapatano Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003, na baadaye ofisi ya ziwa ikawekwa Bujumbura. Mwaka 2021 zilipatana tena juu ya uvuvi: ziwa lipumzike kila mwaka tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, pande zote kwa siku zile zile. Mwaka 2024 Tanzania nayo ilifunga upande wake kwa siku hizo.

Ninyi mnasema: « Sisi tumelala, wenzetu wanavua. » Usiku mnaona taa katikati ya ziwa, wala hamjui ni za nani. Sitawadanganya. Ukingo mmoja ukifunga peke yake, umemtunzia jirani samaki, basi. Na askari akipokea franka ili mtumbwi upite gizani, ziwa halikufungwa. Ni maskini tu aliyefungiwa. Ndiyo sababu siku zile zile ni neno kubwa kupita miezi yenyewe. Afadhali majuma machache ya kweli pande nne kuliko miezi mitatu ya upande mmoja.

Tena msifikiri kila upungufu ni kosa la nyavu. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza matope ya chini ya ziwa walionyesha kwamba samaki walianza kupungua hata kabla ya uvuvi wa meli, kwa sababu maji ya juu yanapata joto, na maji yenye joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini. Joto hilo hatuwezi kulizuia kwa sheria ya uvuvi. Lakini chakula kikipungua ndani ya ghala, mtu mwenye akili hazidishi walaji.

Sasa, mama, jibu lako. Tumbo halifungwi. Mwenye chombo ana akiba, mwenye shamba ana muhogo, na kiangazi mtu anaweza kulima mboga bondeni. Lakini kijana anayevuta wavu wa mtu mwingine hana hiki wala kile. Yeye ndiye anayeumia, na ndiye atakayeingia ziwani usiku kwa kuvunja sheria. Shauri langu ni hili: tangu Februari, kila usiku wenye samaki wengi, mwenye chombo atenge beseni moja la ndagala kwa vijana wake. Waanikwe juu ya vitanda vya waya, siyo mchangani, maana ndagala wenye mchanga hukosa bei. Wawekwe mahali pakavu, na hesabu iandikwe mbele ya vijana wenyewe. Mwenye chombo asiyetaka hivyo, asishangae kijana akienda kuiba.

Nyavu zenu mmezileta, naziona pale chini ya mwembe. Tutapima matundu sasa hivi, mmoja mmoja, tukianza na zile za kukokota. Wenye maulizo waje mbele wakati tunapopima.