SURA UKUTANI NA HAKI BARAZANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Majengo, Dodoma)



Shauri langu ni kwamba picha ya sura ya mtu, ikitundikwa mahali watu wakaapo, yaweza kufungua vinywa juu ya haki na dhuluma kuliko barua nyingi za malalamiko, ambazo sisi makarani twazijua kwa kuzipokea na kuzilaza masijala.

Mfano wangu watoka Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi, ijapokuwa kwa lafudhi yao. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mji ule walipaka rangi juu ya nguo za magunia ya unga, wakawauzia watu wa kawaida, nao wakazitundika picha hizo sebuleni. Waliziita ukumbusho. Moja iliyopendwa sana yaonyesha uwanja wa gereza zamani za Wabelgiji: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika ampiga kiboko, na afisa Mzungu amesimama kando akitazama. Huenda mtu akastaajabu kwa nini mwenye nyumba apende kuitazama aibu hiyo kila siku. Sababu ni kwamba mgeni akiingia huuliza, mzee hujibu, na kijana husikia lile ambalo hajalisoma kitabuni.

Lakini tuitazame vema. Aliyeshika kiboko si Mzungu. Ni mtu wa nchi ile ile, amevaa sare ya serikali, naye hulipwa mshahara kama tulipwavyo. Picha haimtukani wala haimtetei. Yamweka tu pale, nasi twabaki kujiuliza: je, ingekuwa zamu yangu?

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwako Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake kwa picha zipatazo 100, akaieleza moja moja kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, aliyeyanasa maneno yake katika mashine. Mazungumzo hayo yalipigwa chapa kitabuni mwaka 1996. Sura aliyoirudia Tshibumba mara nyingi ni ya Patrice Lumumba.

Sisi tuna sababu ya kuitazama sura hiyo kuliko wengine. Kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1960, Lumumba alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Na mwaka 1955 aliongoza katika jimbo lake chama cha Waafrika watumishi wa serikali, kama kile alichokianzisha Martin Kayamba na wenzake huko Tanga mwaka 1922. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na miili yao ikaharibiwa kwa tindikali hata pasiwe na kaburi. Tshibumba aliwachora watatu hao wamelala, na nyuma yao misalaba mitatu kama ya Golgotha. Basi aliyenyimwa kaburi alipata ukuta. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002. Na mwaka 2022 jino lake moja lilirudishwa, likazikwa Kinshasa. Katika miaka yote hiyo picha ilikuwa ikiuliza swali lake majumbani mwa watu.

Kwa nini sura iwe na nguvu hiyo? Dhuluma ni neno pana. Kila mtu hulichukia, wala hapana anayejiona limemhusu. Lakini wazee walisema, uso umeumbwa na haya. Ukitazamana na mtu wanaanza kukujia jina lake, kazi yake na watoto wake. Tena, mbele ya picha watu wawili waweza kubishana pasipo kushambuliana, maana kila mmoja husema na ile picha.

Sasa narudi hapa kwetu. Ofisini mwetu, juu ya kiti cha mkubwa, hutundikwa picha ya Rais na ya Mwalimu Nyerere; na ni heshima ipasayo. Zatukumbusha aliye juu yetu. Lakini ziko wapi sura za wale tunaowatumikia? Yuko wapi mama auzaye mboga soko la Majengo, mchukuzi wa mizigo, mkulima aliyetoka mbali kwa ajili ya karatasi ya kiwanja, akaambiwa njoo kesho, na kesho akaambiwa njoo keshokutwa?

Naomba Chama kiwatafute vijana wenye mkono wa kuchora, wachore sura za watu kama hao kwa ridhaa yao, na kila mwezi sura moja itundikwe katika mkutano wetu. Tena mwenye sura aalikwe, aketi mbele, aseme mwenyewe, tusimsemee. Wako ndugu zetu ambao dini yao yawazuia kutundika sura za viumbe. Shauri hili lisiwalazimishe, kwa kuwa yule mtu mwenyewe akiwapo, picha si lazima.

Huenda wengine wakahofu kwamba mikutano yetu itakuwa ya lawama. Naam, pengine siku ya kwanza tutasikia maneno machungu. Lakini yale yatakayosemwa mbele yetu tayari yasemwa nyuma yetu, sokoni na barabarani, ambako hatuwezi kujibu wala kujirekebisha. Ni heri tuyasikie tumeketi, tukitazamana.

Bwana Rais, shauri hili naliweka mikononi mwa mkutano.