Daftari la Taifa Lisilo na Karatasi

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu wa vyama vya msingi)



Kila chama cha ushirika husimama juu ya daftari. Mwanachama ambaye jina lake halimo hapigi kura katika mkutano mkuu. Na ambaye kilo zake hazikuandikwa siku ya mizani, halipwi. Ashikaye daftari, basi, ameshika haki za watu. Jambo hilo, ambalo kila katibu analifahamu, ndilo kiini cha mageuzi yanayozikuta serikali za dunia tangu mitandao ya kompyuta ilipoanza kuchukua nafasi ya majalada. Nchi ya Estonia, yenye watu wapatao milioni 1.3 kando ya Bahari ya Baltiki, yafaa kuwa mfano, kwa kuwa imeonja utamu na uchungu wa mageuzi hayo.

Estonia ilijipatia tena uhuru wake mwaka 1991, wakati Muungano wa Kisovyeti ulipokuwa ukivunjika. Mwaka 1996 ulitangazwa mpango wa kupeleka kompyuta na intaneti mashuleni. Mwaka 2001 ikafunguliwa njia ya kuyaunganisha madaftari ya idara za serikali. Habari zote hazikurundikwa mahali pamoja. Kila idara ilibaki na daftari lake, na habari hupita kutoka idara moja hadi nyingine baada ya muulizaji kuthibitishwa kuwa ni nani. Kanuni iliyofuatwa ni kwamba mwananchi asiulizwe mara ya pili jambo ambalo serikali inalo tayari.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba mwananchi naye aweza kufungua kumbukumbu zake na kuona ni ofisi gani iliyozitazama, na lini. Mtumishi achunguliaye mambo ya mtu bila sababu ya kazi huacha nyayo zake humo. Hivyo chombo kinachomwezesha mkubwa kumwona mdogo kimemwezesha mdogo pia kumwona mkubwa.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2005, watu 9,317 tu walipiga kura kwa intaneti. Mwaka 2007 Estonia ikawa nchi ya kwanza duniani kutumia njia hiyo katika uchaguzi wa bunge, na katika uchaguzi wa bunge wa Machi 2023 zaidi ya nusu ya kura zote zilipigwa hivyo. Aliyelazimishwa kupiga kura mbele ya mtu mwingine aweza kurudia baadaye akiwa peke yake, na kura ya mwisho ndiyo ihesabiwayo. Karatasi hazikufutwa, wala asiyetaka mtambo hakufungiwa mlango.

Kura, hata hivyo, si ushiriki wote. Mwaka 2012 ilizuka kashfa juu ya fedha za vyama vya siasa, na wananchi wakanung'unika. Mwaka uliofuata maoni yao yalikusanywa kwa mtandao, kisha mamia ya watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu wakaketi ana kwa ana kuyajadili. Moja ya mapendekezo yaliyopata kuwa sheria ni kwamba saini 1,000 zinatosha kupeleka hoja ya wananchi bungeni. Mtandao ulikusanya sauti. Kuzipima kulihitaji watu wakae pamoja.

Uchungu nao ulikuja. Mwaka 2007, baada ya serikali kuhamisha sanamu ya askari wa Kisovyeti katika mji wa Tallinn, mitandao ya bunge, wizara, mabenki na magazeti ilishambuliwa kwa majuma kadhaa, mingine ikasimama. Mwaka 2017 iligunduliwa kasoro katika vitambulisho zaidi ya 700,000. Serikali haikuficha: iliwatangazia wananchi, kisha ikasimamisha matumizi ya kielektroniki ya kadi hizo mpaka zirekebishwe. Mwaka huohuo ilitia saini mkataba wa kuweka nakala za madaftari yake muhimu nchini Luxembourg, ili taifa lisipoteze kumbukumbu zake hata likivamiwa. Kulinda daftari kumekuwa sehemu ya kulinda mipaka.

Ndugu Makatibu, chama kinapoletewa mtambo wa kuweka hesabu, kamati haina budi kuuliza kabla ya kutia saini: Je, mwanachama ataweza kuiona hesabu yake mwenyewe, na kumjua aliyeibadili? Mwanachama asiye na simu atahudumiwa vipi? Nakala itawekwa wapi, siku mtambo utakaponyamaza? Asiyepata majibu na asubiri kwanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari ambalo mwenye mali hawezi kulisoma nalo humpoteza vilevile, liwe la karatasi au la umeme.