Riwaya za Mapenzi na Waandishi Wapya: Chimbuko Lao ni Lipi?

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma)



Katika shule nyingi za sekondari kuna kabati, au mtoto wa meza, ambamo hufungiwa vitabu walivyonyang'anywa wanafunzi. Vingi kati ya vitabu hivyo ni riwaya za mapenzi. Mwanafunzi hukisoma kitabu chini ya dawati, mwalimu hukichukua, na aghalabu mwalimu naye hukimaliza jioni nyumbani kwake kabla hajakifungia. Jambo hili huchekesha, lakini ndani yake mna swali zito. Ikiwa mwanafunzi anakisoma kwa siri, na mwalimu anakisoma kwa siri, ni nani atakayekijadili hadharani?

Waandishi chipukizi wa riwaya nchini Tanzania wanaandika sana habari za mapenzi na ndoa. Wako wanaowabeza kwa sababu hiyo. Husemwa kwamba nchi inayojenga haina haja ya hadithi za wapenzi, na kwamba kalamu ingeandika habari za kilimo, elimu na uongozi. Hoja hii ina sura ya uzalendo, lakini imekosea mahali pamoja. Inadhani kwamba mapenzi hukaa mbali na kilimo, elimu na uongozi. Historia ya riwaya ya Kiswahili inaonyesha kinyume chake.

MFANO WA WALIOTANGULIA

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Ni hadithi ya msichana aliyelelewa na baba mlevi na mkali, aliyemchapa vikali kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa alipotoka chini ya fimbo ile akaenda masomoni, hakuwa na kinga yoyote ndani ya nafsi yake, wala hakukosa wanaume wenye vyeo waliojua kuutumia udhaifu wake. Mwisho wake ulikuwa mauti. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kezilahabi aliongeza swali lake: na aliyefunzwa kwa fimbo peke yake, je?

Mwaka uliofuata, 1972, Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar alitoa Kiu, ambamo penzi la msichana hugeuzwa chambo cha kuvulia mali ya tajiri. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed alitoa Utengano, na humo binti Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, mtu mkubwa katika siasa, hata anapotoka nje haijui dunia na dunia haimhurumii. Mwaka 1999 Adam Shafi alitoa Vuta n'kuvute, hadithi ya Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, akaikimbia ndoa hiyo, kisha akampenda Denge, mpigania uhuru wa Zanzibar. Mwaka 2021 hadithi hiyo ilitolewa kuwa filamu chini ya uongozi wa Amil Shivji.

Vitabu hivi vinne vyote ni vya mapenzi. Lakini ukimwondoa baba na fimbo yake, hakuna Rosa. Ukiiondoa mali, hakuna Kiu. Ukiiondoa ndoa ya kulazimishwa na ukoloni, Yasmin na Denge hawakutani. Waandishi hao hawakuyachota mapenzi hewani. Waliyakuta yamefungwa pamoja na amri ya wazazi, tamaa ya mali na madaraka ya wakubwa. Hilo ndilo chimbuko lao, na ndicho kipimo cha haki cha kuwapimia vijana wanaoandika leo.

CHIMBUKO LA LEO

Je, kijana wa leo hana pa kuchota? Anapo, tena pengi kuliko waliomtangulia.

Kwanza, iko harusi yenyewe. Katika miji ya Tanzania harusi siku hizi ina kamati, ina mwenyekiti na mweka hazina, ina vikao vya kila wiki, na kadi za michango huzunguka kutoka ofisi hadi ofisi. Mtumishi wa kima cha kati hupokea kadi kadhaa kwa mwezi mmoja. Wapo wanaokopa ili wachangie, na wapo wanaooana kwa fahari usiku mmoja wakaamkia madeni ya miaka miwili. Mwalimu Nyerere, alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare na kuuita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, aliwapa Waswahili hadithi ya kijana anayekwenda kuposa kwa fedha za mkopo, na mkopo huo ukakaribia kumtoa roho rafiki yake. Mkopo wa kuposea si jambo geni katika fasihi. Linalosubiriwa ni mwandishi atakayeuandika mkopo huo ukiwa umechukuliwa SACCOS.

Pili, uko uhamisho. Hakuna kundi linalolijua jambo hili kuliko walimu. Mume anafundisha Kasulu, mke anafundisha Newala. Barua ya kuomba kuungana inalala katika jalada, na watoto wanalelewa na bibi. Upweke wa miaka mingi huzaa "nyumba ndogo", na nyumba ndogo huzaa watoto ambao hawajuani na ndugu zao mpaka siku ya msiba, mbele ya jeneza la baba. Riwaya ya namna hiyo ingesomwa na mwalimu, na ingefaa isomwe pia na afisa utumishi anayelikalia jalada.

Tatu, iko simu ya mkononi. Zamani barua ya mapenzi ilifichwa chini ya godoro. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha anayotumiwa mpenzi huacha ujumbe wenye jina, kiasi na saa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na siku hizi kikohozi hicho kinaandikwa. Ugomvi mwingi wa ndoa unaanzia katika kioo kidogo kuliko kiganja.

Nne, na hapa ndipo penye hazina kubwa ambayo haijachimbwa, ziko sheria na mahakama. Mwaka ule ule wa 1971 ilipotoka Rosa Mistika, Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa. Inampa aliyevunjiwa ahadi ya ndoa haki ya kudai fidia ya hasara aliyoipata. Inasema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakatambulikana kwa watu kuwa ni mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kila kifungu kati ya hivyo kimebeba riwaya nzima. Sheria hiyo hiyo iliruhusu pia msichana wa miaka 15 kuolewa, hali mvulana alitakiwa afike miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyoruhusu ndoa hizo za utotoni ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo.

Ukumbukwe pia uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983. Mke aliyetalikiwa alidai sehemu ya mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Mahakama za chini zilimkatalia, kwa kuwa alikuwa mama wa nyumbani tu. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika uchumaji wa mali ya familia. Hata hivyo mama yule hakupata kitu, kwa sababu ilionekana kwamba fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi wa familia alizitapanya. Kwa hiyo alishinda hoja kwa niaba ya wanawake wote, lakini yeye mwenyewe akaondoka mikono mitupu. Ni mwandishi gani angeweza kubuni kisa chenye uzito wa namna hiyo, ambamo hakuna malaika wala shetani, bali watu wawili waliooana na nchi inayojifunza kuhesabu jasho la jikoni?

KASORO ZISIZOFAA KUFICHWA

Baada ya kuwatetea vijana hao, haki inadai waambiwe ukweli.

Katika riwaya nyingi za waandishi wanaoanza, wahusika hawana kazi. Kijana ana gari na nyumba ya ghorofa, lakini kurasa zote zinakwisha bila msomaji kujua fedha zinatoka wapi. Wapenzi hukutana hotelini, hugombana hotelini, hupatana hotelini. Hakuna anayepanga foleni hospitalini, hakuna anayedaiwa kodi ya chumba, hakuna mwenye mjomba anayekuja kutoka kijijini bila taarifa. Watu wa namna hiyo hawakutoka Mbagala wala Shinyanga. Wametoka katika tamthilia za kigeni zinazoonyeshwa katika televisheni, wakabadilishwa majina tu.

Kasoro ya pili ni kumfanya mwanamke kuwa chanzo cha kila balaa. Mwanamume akifilisika, ni mwanamke. Akiugua, ni mwanamke. Akifukuzwa kazi kwa wizi, ni mwanamke aliyempenda fedha. Waandishi wanawake wamelijibu jambo hili kwa vitendo: Ndyanao Balisidya kwa Shida ya mwaka 1975, Zainab Burhani kwa Mali ya Maskini ya mwaka 1981. Na katika mashindano ya mwaka 2015 ya Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, riwaya iliyoshinda ilikuwa Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza. Jina la kitabu hicho lina neno "penzi", na hilo halikuwazuia waamuzi kukipa ushindi.

Kasoro ya tatu ni mahubiri ya mwisho. Mhusika amefanya maovu kurasa 150, kisha katika kurasa mbili za mwisho anaugua, anatubu na kufa. Mwandishi hudhani amefunza maadili. Kwa kweli amekwepa kazi, kwa kuwa maovu mengi katika maisha hayafuatiwi na ugonjwa. Hufuatiwa na kupandishwa cheo, na hapo ndipo fasihi inapohitajika.

SWALI LA MAADILI

Wako wazazi na walimu wenye hofu ya kweli kwamba vitabu hivi vinaharibu vijana. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa maana viko vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya kuamsha ashiki tu. Lakini yafaa kujifunza kutokana na yaliyompata Rosa Mistika. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa kuonekana kinachafua akili za wanafunzi. Miaka ilipopita kikakubaliwa, na leo ni miongoni mwa riwaya zinazoheshimiwa kuliko zote katika lugha hii. Katika miaka ya kuzuiwa kwake, wasichana hawakuacha kudanganywa, na wanaume wenye vyeo hawakuacha kuwadanganya. Kilichozuiwa kilikuwa mazungumzo tu.

Gharama ya kunyamaza huko imelipwa na watoto. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na ndipo Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba ataruhusiwa kurudi masomoni baada ya kujifungua. Rushwa ya ngono nayo ilitajwa wazi kuwa kosa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, miaka 36 baada ya Kezilahabi kuwaonyesha wakubwa wanaowawinda wasichana. Sheria ilikuja kuitikia jambo ambalo riwaya ilikuwa imekwisha kulisema. Je, ni mangapi yanayosemwa na riwaya za leo, ambayo yatasubiri miaka mingine 36 kwa sababu kitabu kimefungiwa katika mtoto wa meza?

WAJIBU

Wajibu wa kwanza ni wa mwandishi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayetaka kuandika talaka na akae siku kadhaa katika baraza la mahakama ya mwanzo, awasikilize akina mama wanaosubiri kuitwa. Anayetaka kuandika uchumba na ahudhurie kikao cha mahari mpaka mwisho, ahesabu mbuzi, blanketi na fedha, amtazame binti anayetajiwa bei akiwa chumba cha pili.

Wajibu wa pili ni wa mwalimu. Kitabu kikinyang'anywa, kisiishie kabatini. Kisomwe darasani ukurasa kwa ukurasa, na wanafunzi waulizwe: mtu huyu anakula nini, analala wapi, ni nani aliyempa haki ya kumpiga mwenzake? Kitabu kibovu hakistahimili maswali hayo, na mwanafunzi atakitupa mwenyewe. Kitabu kizuri kitamfuata mpaka utu uzima.

Wajibu wa tatu ni wa mtumishi wa umma, ambaye huchangia harusi za watu asiowafahamu lakini huona bei ya riwaya moja kuwa ghali. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ni hatua njema. Lakini tuzo huwalisha wachache mara moja kwa mwaka, wakati mwandishi hula kila siku. Kitakachomlisha ni msomaji anayekinunua kitabu, akakisoma, kisha akamwambia bila kumwonea haya mahali alipofaulu na mahali alipodanganya.

Taifa huanzia nyumbani, na nyumba huanzia kwa watu wawili waliokubaliana, au waliolazimishwa, kukaa pamoja. Kijana anayeandika habari za watu hao wawili anaandika juu ya msingi wa nchi. Adaiwe ukweli kama anavyodaiwa fundi anayejenga msingi, na akiutoa ukweli huo, asomwe mchana, mezani, mbele za watu.